Jinsi Nadine Kessler Alivyokiteka Kilele cha Pistoni

Tegeni masikio, enyi wenye oili kwenye kucha, nanyi msiowahi kufungua boneti maishani mwenu. Zimeni redio, wekeni vikombe chini. Nawe grisi, mlezi wa kila kinachozunguka, ulainishe ulimi wangu, kwa maana nasimulia vita vilivyopiganwa Jumamosi moja katika gereji ya akina Kessler, huko Ohio, mimi jirani yao nikishuhudia kwa macho yangu haya, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, bia mkononi, bila kuinua kidole kusaidia upande wowote.

Alikuwapo Delbert, mzaliwa wa kwanza, bwana wa spana, mwenye tumbo la kumtangulia, aliyeshika usukani wa Nova nyekundu ya baba yao kila Jumapili ya mashindano tangu mzee azikwe. Alikuwapo Nadine, dada yake, dereva wa basi la shule, mtuliza ghasia za darasa la tatu, ambaye miaka yote hiyo kazi yake uwanjani ilikuwa kumwaga maji chini ya matairi ili yazunguke yapate moto kabla ya mbio, na kupiga makofi. Na juu yao alikuwapo Mama Irma, mama yao mzazi, mlinzi wa funguo, aliyechoshwa na ugomvi wao hata akatoa hukumu: kamshafti mpya ya mbio, mhimili unaofungua valvu, inafungwa leo, na atakayeonyesha kwa hakika pale pistoni inapofika juu kabisa, huyo ndiye atakayeendesha kesho. Pakikosewa hapo, valvu zitapigana na pistoni, na injini ya marehemu itauzwa kwa kilo.

Delbert akatangulia vitani. Alichomoa mrija kwenye glasi yake ya maziwa ya vanila, akautumbukiza katika tundu la plagi hadi ukagusa pistoni, akazungusha krenki, mhimili unaopandisha na kushusha pistoni, kwa spana, na mrija ukapanda, ukapanda, ukasimama. Mbele ya krenki palifungwa sahani ya bati iliyochorwa nyuzi duara nzima. Naye akaukunja waya uliokuwa ukitundika suti yake ya harusi, akaufanya mshale, akaugeuzia sahani hadi sifuri ikakaa chini ya ncha, kwa madaha ya mfalme anayegonga muhuri.

"Kilele hicho," akasema. "Mama, lete funguo."

"Kaka, endelea kuzungusha," Nadine akasema.

"Nizungushe nini tena na nimeshafika?"

"Kidogo tu, kaka. Nifurahishe."

Akazungusha. Sahani ikasogea, mrija haukusogea. Akazungusha tena, na mrija umesimama vilevile, kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

"Sasa kilele ni kipi?" Nadine akauliza. "Hapa, pale, au hapo ulipochoka?"

"Dada, kashike basi lako. Baba alitumia mrija huuhuu."

"Na baba alivunja injini mbili."

"Tatu," Mama Irma akasahihisha.

Ndipo Nadine alipoinuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa silaha yake: plagi kuukuu iliyotolewa matumbo, na bolti ndefu imepenyezwa katikati yake.

"Sikiliza, Delbert mwana wa Irma," akanena. "Pistoni ikifika juu inakawia kabla ya kushuka, na jicho la mtu haliwezi kujua lini. Basi mimi sitaifuata juu. Nitaizuia isifike. Ikija upande huu itagonga bolti, nitasoma nyuzi. Nitairudisha nyuma ije kwa upande ule, itagonga, nitasoma tena. Katikati ya hapo na hapo ndipo juu penyewe."

"Yaani unafika juu kwa kukataa kwenda juu."

"Ndiyo. Kaa ujifunze."

Akaifunga plagi tunduni. Akazungusha taratibu, maana alikuwa ameitamani Jumapili hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukiri. Tok. Thelathini kabla ya sifuri. Akarudi kinyume, mzunguko karibu mzima. Tok. Ishirini na nne baada yake. Kama mrija ungesema kweli, pande mbili zingelingana. Akailegeza sahani, akaisogeza nyuzi tatu, nusu ya tofauti, akaikaza.

"Umesogeza ulivyotaka," Delbert akasema.

"Spana hiyo hapo. Zungusha mwenyewe."

Delbert akazungusha. Ishirini na saba. Akarudi kinyume, jasho likimtoka. Ishirini na saba. Akaukagua waya, akaitikisa sahani, akarudia vita vyote tangu mwanzo, na ishirini na saba ikamngoja pande zote mbili bila haya. Mimi, niliyeapa kutopendelea, nilipiga kelele nikamwaga bia.

Kutoka sifuri hiyo ya haki wakapima kamshafti, ikakaa mahali pake, wakafunga. Mama Irma akamrushia bintiye funguo. Delbert akafungua mlango wa gari, akapiga magoti, akaanza kupambana na kitu chini ya kiti cha dereva.

"Unafanya nini?" Nadine akauliza.

"Miguu yako mifupi," akajibu bila kuinua kichwa. "Hiki hakijasogezwa tangu enzi za baba. Njoo usukume."

Wakasukuma pamoja. Chuma kikalia. Na wajue watakaozaliwa baada yetu kwamba siku ile, mbele ya macho yangu, kiti kile kilikwenda mbele kwa upana wa kiganja, na Nadine Kessler akaketi.