Umeme Ndani ya Maji ya Mzee Kitambi

Jumatatu, 4 Machi

Wameondoka. Mwanangu na mkewe, safari ya kikazi, kurudi Jumapili. Mkewe alitaka mama yake, Bibi Miwani, ndiye aje kukaa na nyumba. Nikauliza, kwani mimi nimekufa lini? Mwanangu akanikabidhi funguo, mjukuu, na tangi la samaki la sebuleni. Akaniambia samaki niwape chakula kidogo, maji nisiyaguse. Mkewe akaongeza kwa sauti ile ya kupaka mafuta kwamba samaki wakifa, safari ijayo funguo anapewa mama yake. Haya. Tutaonana.

Nimewatazama hao samaki. Mkubwa wao ni wa rangi ya chungwa, tumbo mbele, mjukuu anamwita Mzee Kitambi. Wanakula humo, wanajisaidia humo, halafu wanayanywa. Uchafu gani huu! Shule sikukaa sana, lakini usafi naujua. Nikamwita muuza maji alete madumu ya maji yaliyosafishwa, yale ya kunywa wageni. Nikachota ya zamani mpaka kile kijiti cha kioo cha kupashia maji joto kikabaki juu, hakijaguswa na tone. Nikamimina mapya, baridi kweli kweli. Kitu kikalia ta! humo ndani. Samaki wanashukuru.

Jumanne, 5 Machi

Nimepigwa! Nilitia kidole kusogeza jiwe, kitu kikanichoma hadi kiwiko. Nilidhani Mzee Kitambi kaniuma, nikamtukana ukoo mzima. Akanitazama tu kama mtu aliyesingiziwa.

Mjukuu kasema ni umeme tuli. Ati wamefundishwa: ukisugua chanuo kwenye nywele, vikaratasi vinarukia. Akalaumu gauni langu la nailoni, maana nikilivua linalia tatata. Nikamwambia gauni langu lina adabu kuliko yeye.

Lakini nimefikiri. Maji ya zamani yalikuwa mazito kwa uchafu, umeme ukikwama humo. Haya ni safi, matupu, umeme unajitembelea kama uko kwao. Nimejua peke yangu, bila chanuo.

Jumatano, 6 Machi

Nimevaa gauni la pamba. Zulia nimelikunja, nimelisimamisha kwenye kona. Miguu nimeipaka mafuta mpaka nateleza. Nikatia kidole. Nikapigwa tena! Sasa ni mkono mzima.

Halafu mjukuu, mbishi kama babu yake, akaenda kuwalisha nyuma ya mgongo wangu. Nikasikia yowe. Chakula chote sakafuni. Nikamshika vidole, nikavipuliza kimoja kimoja. Nimempiga marufuku kulikaribia tangi. Akaniuliza kama Mzee Kitambi naye anaumia hivyo muda wote. Nikamwambia akanawe uso.

Samaki hawali. Wamejibana nyuma ya jiwe.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa nimeipata! Umeme unataka njia ya kutokea, kama moshi jikoni. Nimechukua waya, ncha moja ndani ya maji, ncha nyingine nimeifunga kwenye nondo za dirisha. Pa! Nyumba nzima giza. Nikatia kidole: hakuna kitu! Nikashangilia peke yangu gizani. Waya umeunywa umeme wote.

Umeunywa mno. Friji nalo limezimika.

Akaja fundi umeme wa jengo, mjuaji mmoja anayejisikia. Akaniambia bibi, toa waya huo kabla hujatuzika. Nikautoa. Akainua swichi, taa zikarudi. Kisha akaanza kuuliza habari za kile kijiti cha joto. Nikamwambia hapa kasoro ni ya maji, si ya vijiti, na hakuitwa kuja kufundisha. Kaondoka akicheka. Nikatia kidole. Nimepigwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nani kamwita Bibi Miwani? Mjukuu anaangalia dari. Basi najua.

Kaingia na mkoba wa kulala kabisa! Kaangalia zulia konani, kaangalia waya, kaangalia miguu yangu inavyong'aa. Akauliza kama nyumba imeibiwa. Akawatazama samaki, akasema hao Jumapili hawafiki, na akauliza funguo huwa natundika wapi. Nikageukia tangi. Mzee Kitambi alikuwa ameegemea kioo kwa ubavu.

Akatafuta pa kuchajia simu yake. Soketi zimejaa. Akachomoa plagi moja bila kuuliza, akachomeka chaja. Nyumba ya watu! Nikamgombeza, huku natia kidole majini kumwonyesha shida niliyo nayo.

Hakuna kitu. Nikatia mkono mzima. Hakuna! Nikamwita mjukuu, kisha nikamzuia, nikatia tena mwenyewe, mikono miwili. Shwari. Plagi aliyochomoa ni ya kile kijiti. Mjukuu akakitoa: kioo chake kimepasuka toka juu hadi chini.

Nimelia kidogo. Kitunguu.

Jumamosi, 9 Machi

Mjukuu kakipeleka kijiti duka la samaki. Muuzaji kasema kikiachwa juu ya maji kinawaka, halafu kikamwagiwa maji baridi, hupasuka, na umeme unavuja. Akauliza mjinga gani kafanya hivyo. Mjukuu kasema hamjui. Nimempa nyama yote ya sahani yangu.

Bibi Miwani anajigamba kwamba alijua tangu mlangoni. Alijua nini? Alikuwa anatafuta chaji! Mimi nasema ni gauni la pamba, limechelewa tu kufanya kazi.

Mzee Kitambi kala! Kala mara mbili. Tumekaa sote watatu mbele ya kioo tukimtazama anavyotafuna. Hata Bibi Miwani alikuwa anapiga makofi.

Jumapili, 10 Machi

Wamerudi. Samaki wote wazima. Nilitaka niishie hapo, ila Bibi Miwani ana mdomo. Kasema yote, na ya fundi pia.

Mwanangu alishika kichwa. Kisha akanishika mimi, kwa nguvu, akarudia kwamba tungekufa, mama, wewe na mtoto. Mkewe alikuwa amembeba mjukuu wangu kama mtoto mchanga, na umri wote ule. Hakuna aliyefoka. Safari ijayo, wamesema, mabibi wote wawili tutakaa pamoja, na funguo zitakuwa pea mbili. Nimekubali. Kifua chepesi! Nimekula kama mtu aliyetoka kufungwa.

Jioni kabisha hodi jirani wa chini. Kasikia nimetibu umeme kwenye tangi. Friji lake ukishika mlango linakutekenya, aite fundi?

Nimemwambia fundi wa nini. Asiguse swichi, asichomoe chochote. Naja mwenyewe.