Rezista Yenye Rangi za Bendera

Jumatatu, 1 Machi 1976
Miteja. Dereva wa Land Rova ya kijiji, ile inayopeleka wajawazito hospitali Kivinje, amestaafu. Jumamosi Mwenyekiti, Mzee Pazi, atateua mwingine: mimi au Nassibu. Nassibu! Kila asubuhi huchomoa kijiti cha oili na kukitazama kana kwamba anasoma barua ya mchumba. Mimi natumia akili. Taa ya oili kwenye dashibodi imekufa tangu Idi. Hata ilipokuwa hai ilikuwa mvivu: injini ikinguruma tu, taa inazimika. Sasa binamu yangu Klementi ameniletea kutoka Dar vitaa vitatu vyekundu vya kisasa, vidogo kama punje za mahindi. Sharti moja: kila kitaa kifungwe na rezista, kile kidude cha redio chenye mistari ya rangi, ipunguze umeme. Rezista ipi? Hakusema! Ninalo kopo zima, kutoka redio mbovu za kijiji.

Jumanne, 2 Machi
Nimefunga ya kwanza iliyokuja mkononi. Kitaa kimewaka, lakini kwa haya. Mke wangu Biasha alijifunika kanga kichwani ndipo akakiona. Akasema hata kimulimuli ana afadhali. Nassibu akapita, akauliza kama nimepima oili. Nikamjibu kuwa kupima oili ni kazi ya wasio na taa. Akaenda zake. Raha!

Jumatano, 3 Machi
Mwalimu Benedikto amekuja bila kuitwa. Anasema kila rangi ni tarakimu, na kwa betri ya volti kumi na mbili nitumie kahawia, nyeusi, nyekundu. Akanitolea moja kutoka kopo langu mwenyewe! Nyeusi na nyekundu! Karibu kabisa na rangi za bendera ya Mjerumani aliyemkimbiza babu yangu msituni siku za Maji Maji. Nimeshukuru kwa adabu, nikaitia mfukoni. Alipoondoka nikafukua kopo hadi chini. Alhamdulillahi! Kijani, buluu, nyeusi, na mstari wa dhahabu! Bendera ya taifa, kamili! Hii si bahati, ni ishara.

Alhamisi, 4 Machi
Nimefunga ya bendera. Kitaa kimewaka kama jua la saa sita. Pa! Kimekufa. Nikasema kitaa kibovu. Cha pili: pa! Harufu mbaya. Nassibu akauliza tena habari za oili. Wivu tu. Kimebaki kitaa kimoja, na nakiri ninaogopa. Kikifa hiki, usukani ni wa Nassibu.

Ijumaa, 5 Machi
Baada ya sala nimefunga ile ya Mwalimu, macho nimefumba. Kimewaka! Si hafifu, si kikali, mchana kweupe kinaonekana. Rezista nimeipaka rangi ya kijani. Sasa ni yetu.

Jumamosi, 6 Machi
Nimemwendesha Mzee Pazi barabara ya Kikole, Nassibu kakaa nyuma. Kitaa kimewaka njia nzima! Hakichoki! Mzee akakisifu. Mara Nassibu akachungulia, akapiga kelele nizime injini. Akaeleza kuwa taa hiyo ikiwaka gari likienda, inalia: oili hakuna. Kijiti kikatoka kikavu kabisa. Mwendo kidogo tena injini ingekwisha, na wajawazito wangebebwa kwa machela. Nilitamani ardhi inimeze. Nassibu ndiye dereva. Ila Mzee Pazi akasema, la haki ni la haki, bila kitaa tusingejua. Kaniteua fundi wa taa. Nassibu mwenyewe akanipa mkono, akaniomba niwe utingo wake. Nimefurahi, sikutegemea.

Jumapili, 7 Machi
Fundi wa taa! Taa yangu imeokoa injini, mashahidi wapo. Nassibu yeye anashika usukani tu. Nimemwandikia Klementi alete vitaa kumi, vya indiketa na vya nyuma. Mwalimu Benedikto amenipa orodha ya rangi na tarakimu zake. Nimeipokea kwa adabu, Biasha kaitumia kuwashia moto jikoni. Viwili vilivyokufa vilikuwa vibovu tangu Dar. Rezista ya bendera ninayo, imeungua ubavuni kidogo tu. Safari hii nitaanza nayo.