Babu Aliyeupa Mji wa Vardesha Jina

Umma unatangaziwa kwa heshima zote kwamba jina la mji wetu wa Vardesha, hapa Albania, sasa lina asili rasmi. Kwa muda mrefu jina hilo lilizurura bila wazazi: wengine walilipeleka kwa Wailiria, wenyeji wa kale wa nchi hii, wengine kwa Waturuki. Meya Kapllan Bruçaj alikosa usingizi kwa aibu. Akaunda Kamati ya Kudumu ya Asili ya Jina, akajiteua mwenyekiti ili haki itendeke.

Kamati ilikunywa kahawa majira yote ya baridi. Hatimaye ikagundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba mji ulipewa jina na Vardo Bruçaj, babu wa babu yake Meya.

“Na ushahidi, Mheshimiwa?” aliuliza Profesa Thanas wa makumbusho.

“Profesa, paa la makumbusho bado linavuja?”

“Linavuja sana.”

“Haya basi.”

Profesa akauona ushahidi.

Tatizo ni kwamba babu hakuwa amefanya lolote. Meya akamvisha besa, ile ahadi ambayo Mwalbania akishaitoa, wajukuu wanazaliwa nayo shingoni.

“Andika, Profesa: alisimama njia panda akatoa besa kwamba yeyote asiye na pa kulala atapata mkate, chumvi na kitanda kwa akina Bruçaj, maadamu ukoo upo.”

“Si umezidisha kidogo, Mheshimiwa?”

“Babu ni wako au wangu?”

Babu akaagiziwa sanamu, sanamu ikahitaji njia panda, na njia panda ilikuwa na nyumba ya Mama Zelihaja, mjane aliyeoka byrek, vile vipai vya jibini, ghorofa ya chini na kulala juu. Alipewa taarifa ya heshima ya kubomolewa.

“Nikalale wapi, mwanangu?”

“Mama, usirudishe historia nyuma,” akajibu Meya.

Nyumba ikabomolewa kwa utaratibu, oveni ikiwa bado ya moto. Mama Zelihaja alilia barabarani, na ilikuwa uchungu kumtazama. Ripoti ilisema zoezi limekwenda vizuri.

Siku ya uzinduzi Meya alisoma besa ya babu mbele ya kamera. “Na mimi mjukuu wake,” akamalizia, “nimesimama hapa hapa, kwenye besa hiyo hiyo!”

Makofi yakapigwa. Mama Zelihaja akajitokeza na godoro lake begani, akaita kama wageni wanavyoita tangu zamani:

“Ewe mwenye nyumba, unapokea wageni?”

Vardesha mtu anaweza kula fedha za barabara na bado akasalimiwa. Ila anayevunja besa huletewa kahawa kikombe kikipitishwa chini ya goti, ishara kwamba hana tena heshima, na hapo ni heri ahame nchi. Meya alizitazama kamera. Kamera zikamtazama.

“Ka… karibu, mama.”

“Na sisi je, bosi?” wakapaza sauti majirani waliobomolewa nyumba zao kupisha maegesho ya sanamu. “Au besa yenu ina foleni?”

Wote wakahamia kwa Meya. Kwa desturi mgeni hupewa chumba kizuri, kwa hiyo Mama Zelihaja alipata cha Meya, chenye roshani. Mwenyeji hula wa mwisho. Meya alikula makombo jikoni, akampigia Profesa simu.

“Fanya utafiti, ndugu yangu. Thibitisha huyu mzee si babu yangu!”

“Haiwezekani, Mheshimiwa. Tumeshapiga muhuri. Labda uwajengee nyumba zao, ukianza na ya mama.”

Sanamu ikaondolewa kwa sababu za kiufundi, na mafundi wakarudi njia panda kuijenga nyumba ya mama. Meya huwahimiza tangu asubuhi, akibeba matofali mwenyewe, mashati yake ya hariri yamejaa saruji. Mama Zelihaja hana haraka. Huja akishapata kifungua kinywa, akaizunguka oveni mpya, akaigonga kwa kidole.

“Imepinda,” husema. “Bomoa, mwanangu, uanze upya.”

Na Meya hubomoa.