Nati Iliyokubali Kila Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nataka kuwa fundi pikipiki. Nyumbani wanajua nataka unesi. Sikuwahi kusema nataka unesi! Alisema mama mdogo, siku niliyomaliza shule, mimi nikaitikia kwa kichwa kwa heshima. Basi, ikawa. Sasa wote wananiita Nesi.

Leo nilipeleka chai gereji kwa mjomba, kwenye banda lililoegemea ukuta wa jikoni kwetu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ni pikipiki ya marehemu babu, amemzidi mama umri. Kichwa cha injini yake kinavuja. Ukimwasha anatoa fyuu! pembeni, na oili inatiririka. Mjomba akasema amechoka kufanya kazi peke yake. Atakayeziba huo mvujo kufikia Jumamosi, atamchukua amfundishe ufundi.

Nilifungua mdomo. Kweli kabisa, nilifungua! Lakini Spika alishaniwahi. Spika ni mtoto wa mama mdogo, tunamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kupunguza sauti. Akatangaza kwamba mjomba ahesabu kazi imekwisha. Halafu akaniambia Nesi nishike sinia vizuri, nisije nikamwaga chai.

Nikashika vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Ujasusi. Asubuhi nzima nimefuta dirisha la jikoni linalotazama gereji. Mama ameshtuka, anadhani naumwa.

Mjomba alikuwa akimwelekeza mteja kwa simu namna ya kukaza nati za kichwa cha injini. Nikasogeza sikio dirishani! Ila Spika naye alikuwa anapayuka wakati huohuo, nikapata vipande tu. Kitu fulani kuhusu moto na baridi. Kitu fulani kuhusu msalaba. Mwisho ndio niliousikia vizuri: kaza mpaka ikatae, ikikataa iache.

Inatosha. Cha maana huwa mwishoni.

Spika hajashika hata spana. Leo amefuta kioo cha pembeni cha Bi Mkubwa, kisha akachania nywele humo.

Jumatano, 5 Machi

Mjomba alikwenda kununua vipuri, Spika akamfuata. Gereji tupu! Nikamwasha Bi Mkubwa kwanza, nihakikishe bado anavuja. Anavuja. Nikamzima, nikaanza papo hapo. Injini moto kama pasi. Kidole kimeungua, nimekifunga leso.

Nati nne. Ya kwanza ikazunguka kidogo, ikakataa. Nikaiacha. Jirani yake ikakataa. Ya tatu ikakataa kwa kiburi, spana ikateleza, nikalipiga tangi ngumi.

Ya nne ikakubali.

Nikazungusha tena. Ikakubali. Nikazungusha mpaka mkono ukaniuma, nayo inakubali tu, laini, bila neno. Sijawahi kuona nati yenye adabu namna hiyo! Nilijisikia kama nimekutana na ndugu.

Lakini mvujo umezidi. Najiuliza hizo tatu zina tatizo gani. Mbona kaidi hivyo?

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa. Bomba! Kipande cha bomba la maji nyuma ya tangi la maji ya kuogea. Ukilichomeka kwenye mkia wa spana, spana inakuwa ndefu na wewe unakuwa na nguvu za wanaume watatu.

Mjomba alipotoka kula nikaingia. Nati ya pili ikakubali palepale. Ya tatu ilisema krak! ndipo ikakubali. Ya kwanza ilijifanya jeuri. Nikaning'inia kwenye bomba, miguu hewani. Ikakubali.

Zote nne sasa zinakubali. Sikuamini! Mimi, ambaye hata paka wa jirani hanisikilizi!

Mama ameuliza huu weusi usoni ni nini. Nimesema wanja. Amenipa sabuni.

Jumamosi, 8 Machi



Spika aliita watu. Mama, mama mdogo kwenye gauni lake jeupe, majirani mpaka getini. Kabla mjomba hajagusa chochote, Spika akatangaza kwamba Bi Mkubwa amepona, na nati amezikaza yeye mwenyewe Spika, kwa mikono yake hii. Hajagusa kitu!

Mjomba akapiga kiki kumwasha. Bi Mkubwa akanguruma mara moja, akatoa mlio wa sufuria zinazoporomoka, kichwa cha injini kikaruka juu, na oili yote ikaenda kwenye gauni la mama mdogo. Yowe lake sitalisahau.

Mjomba akaishika nati ya nne kwa vidole viwili, akaichomoa kama kizibo, na bolti yake nzima, na alumini ya injini imejisokota juu yake kama springi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya kwanza, hivyo hivyo!

Akauliza, kwa upole wa kutisha, ni nani anayekaza injini ikiwa ya moto. Inakazwa baridi, tena kimsalaba: hii, kisha ile iliyo mkabala nayo, kidogo kidogo. Na nati ikishakubali kila unachoiambia, ujue imeshang'oa meno yanayoishikilia.

Nikasimama. Naapa nilisimama. Nikasema ni mi... Mama mdogo akasema ndiyo, Nesi, kimbia ulete kitambaa.

Nikaleta kitambaa.

Spika hakuweza kurudisha maneno, mtaa mzima ulimsikia. Akasema labda ana nguvu kupita kiasi.

Ndipo mjomba akanigeukia. Akasema huyu binti amepita hapa na sinia wiki nzima na hajagusa asichokijua. Mtu wa namna hii ndiye anayemtaka yeye. Aanze Jumatatu. Akaniuliza kama nakubali.

Nilikubali. Mimi huwa sikatai.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari sana makosa yangu. Ni mawili. Kwanza, bomba lilikuwa fupi, ndiyo maana nilihangaika. Pili, injini lazima iwe baridi, mjomba amesema wazi.

Kesho kuna pikipiki ya mteja inakuja. Nimeshapata bomba refu zaidi. Na ndoo ya maji ya barafu nimeiweka nyuma ya mlango, mteja akizima tu namwagia injini, inapoa, nakaza.

Spika naye ana raha. Anazunguka mtaani akisimulia alivyong'oa bolti za injini kwa mkono mtupu, na watoto wanamwomba akunje misuli waone. Kwa hiyo wewe uliyesoma hapa, tafadhali, usimwambie mtu. Si kwa ajili yangu. Atavunjika moyo.