Maji Yangu ya Moto na Barafu ya Yule Binti

Jumamosi, 1 Juni

Mjukuu wangu ameumia kifundo cha mguu. Nusu fainali ya mpira wa pete, dakika ya mwisho. Karuka, kafunga, katua juu ya kiatu cha adui. Nikashuka jukwaani mbio na chupa yangu ya maji ya moto. Nimechelewa! Tabibu wa timu alishafika. Kabinti kembamba, umri wake haufikii hata wa masufuria yangu. Kabonyeza mfupa kwa vidole viwili, kamwambia mtoto atembee hatua nne, kasema hapajavunjika, ni kano limevutika. Halafu kafungua kiboksi, katoa barafu. Barafu! Kwenye mguu wa binadamu, kama samaki wa sokoni.

Kasema siku tatu za kwanza ni marufuku kukanda, marufuku maji ya moto. Barafu ndani ya kitambaa, bandeji ya kuvutika, mguu juu ya mto. Kanisomea yote hayo mbele za watu, mimi niliyewakanda watu wa mtaa huu, wazazi na watoto wao! Nimempa jina: Binti Barafu.

Fainali ni baada ya wiki mbili. Walimu wa shule ya michezo watakuja kuchagua mfungaji mmoja, asome kwao bure mpaka amalize. Mmoja tu. Mjukuu wangu anaililia nafasi hiyo tangu ana meno ya utoto.

Binti Barafu katuachia daftari la kuandika hali ya mguu. Mjukuu anaandika kwenye simu. Daftari nimechukua mimi. Nina darasa la nne, lakini la nne la zamani.

Jumapili, 2 Juni

Mpango wa kwanza. Nimengoja mjukuu apitiwe na usingizi baada ya chakula cha mchana. Beseni, maji ya moto, mafuta, kitambaa. Nikauvamia mguu. Akaamka na ukelele uliomwangusha jirani kwenye kiti. Nikamwambia maji ya moto hayachomi nyumba, yatamchomaje yeye. Nikakanda mpaka jasho likanitoka.

Jioni mguu umekuwa papai.

Binti Barafu kaja kupima kwa futi ya fundi cherehani. Shikamoo, Bibi. Nikaitikia marahaba kwa pua. Sentimita mbili zimeongezeka! Kauliza nani aliupasha moto. Nikasema jua. Linaingia dirishani. Akaliangalia dirisha. Mbele yake pana ukuta wa jirani, umeliziba lote. Akakunja futi yake taratibu. Watu wa kukunja futi taratibu siwapendi.

Jumatatu, 3 Juni

Nilitegemea mjukuu atanifokea. Hakufoka. Kageukia ukutani, kasema, Bibi, nikiikosa hii nafasi sitakulaumu, ila usiniambie tena nicheze mpira.

Nimekwenda jikoni kukwangua sufuria lililokwisha kukwanguliwa.

Sijashindwa. Ananiona mchawi wa mguu wake kwa sababu hana ushahidi. Nitautafuta ushahidi.

Jumatano, 5 Juni

Ushahidi umepatikana. Umenipata wenyewe.

Binti Barafu kaja na mazoezi mapya. Mjukuu aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Kisha asimame kwa mguu mmoja, kwanza sakafuni, siku zijazo juu ya mto. Eti kano likivutika mguu unasahau mahali ulipo, lazima ufundishwe upya. Mguu usome shule! Nikawaambia hata mimi naweza, tena leo, tena juu ya mto. Mjukuu akasema Bibi, acha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaongeza. Nikamwambia mkuu ni mimi. Nikapanda mto.

Kumbe mto ule una pamba za uongo. Nimeanguka na pazia.

Binti Barafu kanibonyeza mfupa kwa vidole viwili. Katoa barafu. Nikaukunja mguu wangu ndani ya kanga. Nikatangaza rasmi: nyumba hii sasa ina miguu miwili mibovu. Wa mjukuu utibiwe kwa barafu, wangu kwa maji ya moto. Tuone nani atacheka mwisho. Binti Barafu kasema, Bibi, huu si mchezo. Nikamjibu, basi usiogope kufungwa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejikanda asubuhi, mchana na jioni. Mikono hii ina nguvu, sikujua. Nimelia kidogo, machozi ya mvuke.

Mguu hauingii kiatuni. Nimekwenda dukani na kandambili moja ya marehemu mume wangu. Jirani yangu, yule tunayemwita Mama Redio, kauliza kulikoni. Nikamwambia kuna uvimbe wa kuumia na uvimbe wa kupona, wangu ni wa kupona. Kufikia saa tisa mtaa mzima ulikuwa na habari. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Mguu wa mjukuu umepungua sentimita moja. Bahati ya ujana.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefungua friza kutafuta kitoweo. Mfuko wa samaki ukaniteleza, ukaangukia kifundo changu. Nilikuwa nimechoka kuinama, nikauacha hapohapo. Dakika kumi na tano. Nikauzungushia kitambaa, maana naona ulikuwa unasikia baridi. Nikauinua mguu juu ya ndoo, ili niweze kufagia chini yake.

Ajabu! Maumivu yamepungua nusu. Maji ya moto yameanza kufanya kazi. Yalichelewa tu njiani.

Jumanne, 11 Juni

Samaki wameniangukia mara tatu kila siku tangu juzi. Uvimbe umekwisha karibu wote. Namshukuru Mungu na beseni langu.

Ila paka. Paka wa nyumba hii amenipenda ghafla. Ananifuata chooni, ananifuata kwa Mama Redio, akipata nafasi ananilamba kifundo. Leo Binti Barafu kamkuta juu ya mguu wangu amefumba macho kama yuko peponi. Kamtazama paka, kautazama mguu, kavuta hewa puani mara moja. Nikasema mafuta yangu ya kukandia yana harufu ya asili.

Kaacha bandeji ya pili mezani. Kasema ni ya yeyote atakayeihitaji. Nimeivaa, isipotee.

Mjukuu sasa anasimama juu ya mto kwa mguu mmoja na macho kafumba. Mimi nasimama pia, lakini mimi nakagua pamba.

Alhamisi, 13 Juni

Mtihani wa mguu. Mjukuu kakimbia kwa kuzunguka koni, karuka, katua. Sawa. Kisha kuruka kwa mguu mmoja mbele, mara tatu, mguu mzima na ule ulioumia. Ulioumia umepungukiwa shubiri moja. Binti Barafu kasema hapana. Watarudia Jumamosi asubuhi kabla ya mchezo. Akipita atacheza robo mbili za mwisho tu. Asipopita atakaa benchi.

Nikamwendea kocha. Nikamwambia yeye ni mwanamume mwenye filimbi, anatawaliwaje na mtoto mwenye kiboksi? Kocha kasema, Mama yangu, mwaka jana nilimchezesha mchezaji kabla hajapona, mpaka leo anachechemea. Kajifunga kamba za viatu huku anasema. Hakuniangalia.

Shubiri moja. Nafasi moja. Nimehesabu saa zilizobaki.

Ijumaa, 14 Juni

Alasiri. Mjukuu kalala, mguu juu ya mto. Nikawaza: mkando mmoja tu, wa nguvu, wa kuamsha hilo kano liongeze shubiri. Siku tatu za marufuku zilikwisha zamani. Nikachemsha maji. Nikafika mlangoni na beseni.

Kwenye ukuta kabandika picha ya mlango wa shule ile. Si picha ya uwanja, si ya wachezaji. Ya mlango.

Nimesimama pale mpaka mvuke ukaisha kwenye beseni. Nikarudi jikoni, nikamwaga.

Nieleweke. Sijabadili dini. Maji yalikuwa yamepoa.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi mjukuu karuka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguu yote miwili imefika mstari mmoja! Nilipiga kigelegele kilichomkatisha refa kifungua kinywa. Binti Barafu kamfunga plasta pana kifundoni, taratibu, kama anayefunga zawadi.

Robo mbili za kwanza timu ikafungwa kama ngoma. Tukawa nyuma kwa mabao saba. Mjukuu kwenye benchi anajinyoosha, anakunywa maji, ananyamaza. Mimi sikunyamaza. Nimeombwa nikae chini mara nne.

Robo ya tatu akaingia. Ewe mama wee! Anaruka, anafunga, anatua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, laini kama paka. Saba zikawa tano, tano zikawa mbili. Tumeshindwa kwa bao moja, na yule refa macho yake ni ya kuazima.

Kisha mwalimu mmoja wa shule ya michezo kashuka na karatasi, kampita mfungaji wa timu iliyoshinda, kaja moja kwa moja kwetu. Kasema wafungaji wapo wengi, lakini anayejua kukaa benchi mpaka mguu uwe tayari ni nadra. Huyo atadumu nao. Wamemchukua!

Mjukuu kamkumbatia Binti Barafu kwanza. Nimeona. Kisha kaja kwangu, kanishika mpaka kilemba kikaanguka, kanong'ona, asante kwa jana, Bibi. Kumbe hakuwa amelala.

Binti Barafu kaja kunisalimu. Kauliza hali ya mguu wangu. Nikauchezesha mbele yake na kumwambia, unaona kazi ya maji ya moto. Kasema anaona. Kauliza na paka hajambo.

Jumapili, 16 Juni

Nimekaa nikatafakari wiki hizi mbili, kama mtu mzima. Mguu wangu ulikandwa siku tatu, umepona. Mguu wa mjukuu nao nilishaukanda tarehe mbili, umepona, tena umepata shule. Iliyobaki yote ni mapambo. Hesabu hiyo hata wa darasa la kwanza anaiweza.

Habari njema zaidi. Jana kocha alishangilia kwa kuruka bila kunyoosha misuli, kavuta msuli wa shavu la mguu. Leo kapita hapa akichechemea, yuko njiani kwenda kwa Binti Barafu. Nikamwambia aingie kwanza anywe chai. Kaingia! Kakalia kochi, mguu nimeushika, beseni liko tayari. Anasema yule binti tangu jana uwanjani kamkataza kabisa asikandwe. Nimemwambia yule binti ni hodari sana kwa vifundo, lakini hili ni shavu la mguu.

Analia. Watu wa filimbi hawana uvumilivu. Kesho atatembea, na akilalamika tena nitaukanda na ule mguu mzima, usione wivu.