Mwaliko wa Kadi Yangu ya Wazee

Broken Bow, Nebraska
Juni 2

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Safari ya Familia ya Sorensen
(ambaye pia ni mwanangu Curtis)

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA SIKU SABA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itawakuta wazima wewe, mkeo Joleen na mjukuu wangu Tessa, na kwamba mvua ya mawe ya juzi haikugusa paa lenu. Mimi sijambo, ila goti. Nakuandikia rasmi kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "sawa Mama, sawa Mama" huku nasikia kabisa unaosha vyombo.

Nimepokea ratiba yako ya kurasa kumi na moja, yenye rangi. Nimeisoma nikiwa na miwani, nikaisoma tena nikiwa nimeivua, na bado sikuamini. Unajua kwamba nilikuwa katibu wa mashindano ya pai ya wilaya yetu kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo kupanga mambo najua, na kulalamika kwa utaratibu najua zaidi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaliko wenyewe. Ulipiga simu Jumapili nikiwa ndiyo kwanza natoka kanisani. Goti hukuliulizia. Nyanya zangu za bustanini hukuziulizia. Neno lako la kwanza lilikuwa, "Mama, ile kadi yako ya wazee ya kuingilia hifadhini bado unayo?" Nikasema ninayo. Ukasema, "Afadhali! Basi lazima uje, maana hawaikubali kama mwenyewe hayumo garini." Loo! Curtis, roho iliniuma. Kadi ni nzuri, sikatai. Niliichukua nilipotimiza miaka sitini na miwili, baba yako akiwa hai, na mwenye nayo anaingia bure pamoja na wote waliomo garini mpaka siku anayozikwa. Lakini mtoto niliyehangaika kumzaa kwa saa ishirini na sita anialike kama mtu anayeazima ngazi! Dolores, jirani yangu, anasema nisiwe mwepesi wa kununa. Dolores hana watoto.

2. Kiti. Mchoro wa gari uko ukurasa wa pili, na mimi nimo, asante. Nimewekwa nyuma kabisa, kati ya hema na kasha la barafu. Hebu tufikiri pamoja kama watu wazima. Bila mimi hamuingii hifadhi ya Badlands, hamuingii ya Yellowstone, mtabaki langoni mnapunga upepo. Anayefungua lango hakai na soseji. Naomba kiti cha mbele, dirishani. Joleen nampenda, na magoti yake bado mapya, akae yeye na hema.

3. Muda. Umeandika: "Vichwa vya marais wanne, dakika arobaini." Yaani kila rais dakika kumi! Watu walichonga ule mlima miaka kumi na minne, wewe unautazama kama mtu anayesubiri mkate uive. Halafu Jumatano, saa tisa na robo alasiri, umeandika neno moja tu: "Nyati." Naomba kujua ni nani aliyewaarifu nyati. Na kuhusu choo, umetupangia saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Kibofu changu hakijaiona ratiba hii, na kikiiona kitacheka sana.

4. Jumapili. Umetupeleka kwenye Mnara wa Shetani siku ya Jumapili. Jumapili, Curtis! Mimi ninayepanga maua ya madhabahu! Mchungaji akiniuliza wiki hiyo nilisali wapi, nimjibu nini? Najua ni jiwe tu, najua na jina ni la kupewa na watu tu. Hata hivyo napendekeza tuende Jumatatu. Shetani hatahama.

5. Chakula. Joleen ameandika dengu siku nne kati ya saba. Mimi nitaleta saladi yangu ya jeli ya kijani yenye karoti, ile ambayo Joleen aliionja siku ya kwanza alipokuja kwetu akasema kwa upole, "Mama, hii si saladi." Nilinyamaza miaka kumi na mbili. Sasa nasema: ni saladi, na itasafiri kwenye kasha la barafu, mahali penye heshima.

6. Kura. Kwa kuwa sote tutaingia kwa jina langu, ni haki kwamba njiani niwe na kura tatu. Joleen awe na moja, Tessa moja, na wewe, kwa mwenendo wako, nusu. Nikisema tusimame kununua pai, tunasimama. Nikisema yule nyati anatosha, anatosha.

7. Langoni. Hili ndilo kubwa, na hapa sitanii. Kila tutakapofika lango la hifadhi, nataka muziki uzimwe na kioo kishushwe. Kadi nitaitoa mimi, kwa mkono wangu. Na wewe, badala ya kumwambia yule askari wa hifadhi "tuna kadi," utamwambia kwa sauti, "Huyu ni mama yangu." Tangu baba yako afariki nimekuwa mtu wa kuulizwa vitu. Ngazi iko wapi, hati za shamba ziko wapi, lile bakuli kubwa liko wapi, na sasa kadi iko wapi. Mimi niko wapi hakuna anayeuliza. Safari hii moja nataka niuliziwe mimi.

Nisipopata majibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa, nitabaki nyumbani na kadi yangu. Tutaketi pamoja sebuleni tuangalie mashindano ya kupika, na ninyi mtalipa kila lango kama wageni kutoka mbali. Sina kinyongo. Nasema tu.

Msalimie Joleen, mwambie dengu hazina ubaya zikiwa siku moja. Mbusu Tessa mashavu yote mawili. Wasalimie majirani zenu wale wenye trampolini ya watoto kurukia, hata kama hawakurudisha sahani yangu.

Wako katika upendo na utaratibu,
Verna Sorensen
Mama Mzazi na Mwenye Kadi

NYONGEZA: Nilikuwa nakaribia kufunga bahasha simu ikalia. Tessa huyo, anauliza kama nitaleta jeli ya kijani. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mimi na kadi yangu bado tunasubiri majibu ya baba yake. Akacheka. "Bibi, kadi gani tena? Si ninayo yangu!" Anasema kila mtoto wa darasa la nne hupewa kadi yake, na familia nzima inaingia bure mpaka Agosti iishe. Anasema ya kwake ipo tangu Septemba, imebandikwa kwenye mlango wa friji, na aliyeibandika ni wewe.

Nikamuuliza, sasa baba yako kadi yangu anaitakia nini? Akashusha sauti. "Baba alisema Bibi akiambiwa tunamtaka tu, atasema hataki kutusumbua, kama mwaka jana na mwaka juzi. Lakini akiambiwa tumekwama bila kitu chake, atakuja mbio. Usimwambie nimekwambia, Bibi."

Nimekaa jikoni nimelia, Curtis, mpaka Dolores akaja kugonga mlango. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu stempu nimeshabandika, ila uisome kama imeandikwa na mwanamke mwingine. Niwekeni nyuma na kasha la barafu. Dengu nitakula. Huo mnara nitauona Jumapili hiyo hiyo, mchungaji nitamalizana naye mwenyewe.

Kadi naiacha kwenye droo. Nakuja mimi.