Shikamoo ya Homa

Leo nimeadhirika, jamani. Mbele ya watu.

Mnajua nipo Ibra sasa, huku Omani (baada ya Tanga, Mombasa na Sur, miguu yangu haitulii), namtunza Bi Zuwena, bibi wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa Unguja. Asubuhi kaamka na homa, viungo vyote vinamuuma. Mwanawe yuko kazini Nizwa. Akanielekeza kwa simu: ale kwanza, kisha nimpe panadol mbili, zitamtulizia maumivu na kushusha homa, ila nisimwongezee ovyo kwani zikizidi zinaharibu ini.

Nikampa. Tukangoja zifanye kazi.

Homa ikiwa bado juu, Bibi akanitazama sana.

"Shikamoo, dada Asha."

Asha ni dada yake mkubwa, aliyebaki Unguja na kufia huko. Nikamwambia, mimi Mwanaidi, Bibi. Akaanza kulia, kwa nini simwitikii. Ningefanyaje? Nikasema marahaba. (Mtu mzima yule, na mimi na arubaini zangu!)

Akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizi. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Miaka sijaulizwa hivyo na mtu. Nikapanda kitandani, nikamlaza mapajani, nikawa dada kwelikweli. Namgombeza anywe maji, namwita mdogo wangu, na machozi yananitoka (yangu, si yake).

Dawa nayo ilikuwa kazini. Jasho likamtoka, mwili ukapoa, akasinzia.

Mara mkwewe, Bi Shamsa, akaingia na majirani wawili kumjulia hali mgonjwa. Bibi akafumbua macho. Nami, kwa sauti ya ukubwa:

"Haya mdogo wangu, salimia wageni. Na mimi dada yako niamkie tena, wasikie."

Bibi akanikazia macho. "Nikuamkie wewe? Nina watoto wakubwa kuliko wewe. Na kitandani kwangu unatafuta nini?"

Majirani walicheka mpaka mitandio ikawadondoka. Nilishuka kitandani nina joto kuliko mgonjwa.

Walipoondoka nikarudi kumwomba radhi. Hakunigombeza. Akaniambia nimguse kipaji cha uso.

"Imeshuka?"

"Imeshuka yote, Bibi."

Akageukia ukutani. "Mngeiacha kidogo. Nilikuwa sijamaliza kuzungumza na Asha."

Niko jikoni. Mtakaocheka, chekeni taratibu. Kalala.